Jina Letu Ubavuni mwa Eropleni

Katika miaka yangu ya ualimu nimetoa majibu mengi sahihi ambayo sasa siyakumbuki, na jibu moja lisilo sahihi ambalo limekataa kunitoka. Nililitoa mwaka 1983, nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, kabla sijapewa skuli ya kuiongoza. Somo lilikuwa Vita Vikuu vya Kwanza. Nilikwisha kuandika ubaoni sababu za vita, mataifa yaliyopigana na mwaka wa kwisha kwake, ndipo mwanachuo mmoja aliyekaa nyuma akanyanyua mkono. "Mwalimu," akasema, "vita hivi sisi vilituhusu nini?"

Nikamweleza habari ya manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ikashambuliwa alfajiri ya 20 Septemba 1914 na manowari ya Kijerumani, Königsberg, hata ikazama. Kisha nikafunga somo kwa kusema kwamba vile vilikuwa vita vya Wazungu, na sisi tulikuwa watazamaji waliosimama pwani. Wanachuo wakaandika. Mwaka uliofuata wakatawanyika katika skuli za Unguja na Pemba, na sina shaka kwamba waliwapa watoto jibu lile lile nililowapa mimi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nililisema neno hilo huku nikijua. Babu yangu mzaa baba, hapa Uroa, alikuwa na sugu kubwa kwenye bega la kulia, ngumu kama ya kisigino. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza ile nini, alijibu, "Hii ni ya Lindi." Kwa muda mrefu nilidhani Lindi ni jina la maradhi. Baadaye nikafahamu kwamba mwaka 1917, akiwa kijana, alichukuliwa pamoja na wenzake wakapandishwa meli hadi Lindi, na huko akabebeshwa visanduku vya risasi nyuma ya jeshi la Waingereza. Habari hiyo niliijua kama mtu anavyojua habari za nyumbani kwao. Haikunijia kwamba ile nayo ni historia, kwa kuwa haikuwamo katika vitabu nilivyosomea.

Basi miaka ikapita, nikastaafu, nikarudi Uroa. Siku moja mjukuu wangu, kijana apendaye sana mambo ya ndege, akaja na kitabu cha Kiingereza alichoazima mjini, chenye picha za ndege za vita hivyo. Akakifungua ukurasa mmoja akaniwekea magotini. Ilikuwa picha ya eropleni ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyochorwa misalaba myeusi ya Kijerumani. Lakini ubavuni mwake, kwa herufi za Kizungu, yalionekana maandishi ya zamani zaidi: jina la Zanzibar, na mbele yake namba moja.

"Babu," akaniuliza, "hii ilikuwa yetu?"

Swali lilikuwa lile lile la mwaka 1983, limekuja kwa mlango mwingine. Safari hii sikujibu haraka. Nikaomba muda, nikasoma. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Ndege ile ilikuwa ya aina iliyoitwa F.E.2b. Ili tufahamu kwa nini ilikuwa na umbo lile la ajabu, yatupasa kwanza tufahamu tatizo lililowakabili mafundi wa zama hizo. Vita vilipoanza mwaka 1914 ndege zilikuwa za kuchungulia tu. Rubani na mtazamaji wake walipaa, wakatazama majeshi ya adui yako wapi, wakarudi kutoa habari. Lakini kila upande ulipoona faida ya kuchungulia, ukaona pia haja ya kumzuia mwenzake asichungulie. Hapo ndipo ilipotakiwa ndege ya kupigana, na tatizo likajitokeza. Ndege nyingi zilikuwa na rafadha mbele, na silaha hulengwa vizuri zaidi inapoelekea mbele, kule chombo kinakokwenda. Ukipiga bombomu mbele, risasi zitaikata rafadha yako mwenyewe.

Sisi watu wa pwani tunaweza kulielewa jawabu la Waingereza kwa lugha ya vyombo. Waliichukua injini pamoja na rafadha yake wakaitoa omo, wakaipeleka tezi, ikawa inasukuma badala ya kuvuta. Mbele pakabaki pawazi, wala hapana kizuizi. Muundo huo hawakuubuni wao. Henri Farman alikwisha kujipatia sifa kwa ndege za kusukumwa namna hiyo kabla ya vita, na herufi F katika jina F.E. ni ya jina lake. E ni ya neno lenye maana ya majaribio. Ndege ya kwanza kuitwa F.E.2 iliundwa mwaka 1911 na Geoffrey de Havilland, katika karakana ya serikali ya Uingereza huko Farnborough. Ilikuwa chombo cha kujaribia tu. Vita vilipozuka, Agosti 1914, muundo ulikuwa umekwisha kufanywa upya kwa ajili ya kupigana, zikaagizwa ndege 12 za F.E.2a.

Ya kwanza iliruka Januari 1915, na ikadhihirika mara moja kwamba injini yake ya Green, yenye nguvu za farasi 100, ilikuwa nzito na haitoshi. Ikabadilishwa, ikatiwa injini ya Beardmore ya farasi 120. Kampuni ya Beardmore ilikuwa ya Scotland, lakini muundo wa injini hiyo asili yake ni Austria, kwa Austro-Daimler, na ulinunuliwa kwa leseni kabla ya vita. Hivyo Waingereza walikwenda kupigana na Wajerumani na washirika wao wa Austria kwa injini iliyobuniwa Austria. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu barazani, nikakumbuka kwamba biashara haina kabila.

Kisha ikaja F.E.2b, iliyorahisishwa ili iweze kuundwa kwa wingi. Breki ya hewani iliyokuwamo katika ile ya kwanza ikaondolewa. Kazi wakapewa watu waliokuwa hawajapata kuunda ndege. Boulton & Paul wa Norwich walikuwa mafundi wa nyumba za mbao. Ransomes, Sims & Jefferies wa Ipswich walikuwa wakiunda plau na zana za shamba. Ndege yenyewe ilikuwa mbao, waya na kitambaa. Mabawa yake yalikuwa na upana wa kiasi cha mita 14 na nusu kutoka ncha hadi ncha, na hata ilipotiwa injini ya farasi 160 mwendo wake haukufika kilomita 150 kwa saa.

Watu wawili walikaa katika kitu mfano wa mtumbwi, mbele ya injini. Mtazamaji alikaa omo kabisa, na rubani nyuma yake, juu kidogo. Mtazamaji alikuwa na bombomu aina ya Lewis ya kupigia mbele, na mara nyingi kulikuwa na ya pili juu ya mlingoti mfupi, ya kupigia nyuma kupitia juu ya bawa. Ili aitumie hiyo ya pili ilimlazimu asimame juu ya kingo za ndege, mwili wote nje katika upepo, hana mkanda wala mwavuli wa kuokokea. Ndege ilipoanguka kwa pua, injini nzito iliyokuwa nyuma yao iliweza kung'oka na kuwafuata. Mvuvi anayesimama juu ya ubao wa ngalawa kusawazisha chombo katika kusi kali ataelewa nusu ya hali hiyo. Nusu ya pili hataielewa, kwani chini yake yeye kuna maji.

Wakati Waingereza wakiihamisha rafadha, Wajerumani walipata jawabu jingine. Katikati ya mwaka 1915 ndege zao za Fokker zilianza kutumia kifaa kilichoipatanisha bombomu na rafadha, risasi zikapita baina ya mapanga bila ya kuyagusa. Kwa miezi kadhaa Fokker zikatamba. Ndege za kusukumwa, F.E.2b pamoja na D.H.2 ya mtu mmoja, ndizo zilizosaidia kuuvunja utawala huo mwaka 1916.

Sasa nije kwenye jina. Vita vilikula fedha, na mwaka 1915 chama kimoja cha London, kilichowaunganisha Waingereza walioko ng'ambo, kilianzisha mpango wa kuziomba nchi zilizokuwa chini ya bendera yao zichangie ndege. Kwa pauni 1,500 mchangiaji alihesabiwa ametoa ndege nyepesi ya kuchungulia. Kwa pauni 2,250, ndege ya kupigana. Zawadi yake ilikuwa jina: nchi au mji uliotoa fedha uliandikwa ubavuni mwa ndege. Ndege ikipotea vitani, jina lilihamishiwa nyingine, ili mchangiaji asione kwamba mchango wake umekufa. Ndivyo ndege zikaruka Ufaransa zikiwa na majina ya Malaya, Punjab, Gold Coast na mengineyo. Na ndivyo likaruka jina letu.

Mwalimu haachi kupiga hesabu. Fedha ya Zanzibar zama hizo ilikuwa rupia, na pauni moja ilikuwa rupia 15. Basi pauni 2,250 ni rupia 33,750. Na rupia hizo zilitoka wapi? Nchi ilikuwa ikiishi kwa karafuu, na ushuru wa karafuu ulikuwa nguzo kubwa ya hazina ya serikali. Kwa hiyo fedha yoyote iliyotoka Zanzibar mwaka 1915, awe ameitoa nani kwa mkono wake, ilikuwa na harufu ya karafuu. Na karafuu hazishuki mkarafuuni peke yake. Kuna mtu aliyepanda mti, kuna mikono iliyochambua, kuna migongo iliyotua magunia bandarini. Hao hawakuulizwa kama wanataka ndege.

Ndege yetu namba moja ilipewa Kikosi cha 25, kilichovuka kwenda Ufaransa Februari 1916. Haikudumu. Kabla mwezi huo haujesha ilishuka upande wa adui, watu wake wawili wakatekwa, na Wajerumani wakapata F.E.2b ya kuichunguza. Wakaipaka misalaba yao. Jina la Zanzibar hawakujisumbua kulifuta, na ndiyo maana katika picha ya mjukuu wangu jina letu linaonekana limekaa baina ya alama za mabwana wawili.

Aina ile ya ndege iliendelea. Tarehe 18 Juni 1916, Max Immelmann, rubani wa Kijerumani aliyesifiwa kupita wote wakati huo, alikufa akipigana na F.E.2b za kikosi hicho hicho cha 25. Waingereza walisema wao ndio waliompiga; Wajerumani walisema bombomu yake iliharibika ikaikata rafadha yake mwenyewe, yaani lile lile tatizo la mwanzo. Mwaka huo ilikuja F.E.2d, yenye injini ya Rolls-Royce ya farasi 250. Lakini adui naye hakulala. Septemba 17, 1916, Manfred von Richthofen alipata ushindi wake wa kwanza uliotambuliwa rasmi, na ndege aliyoiangusha ilikuwa F.E.2b. Julai 6, 1917 alijeruhiwa kichwani katika mapambano na F.E.2d. Kufikia hapo ndege za rafadha ya mbele zilikuwa zimeshinda mashindano, kwani Waingereza nao walikwisha kupata kifaa cha kupitisha risasi. F.E.2b ikahamishiwa kazi ya usiku, kutupa mabomu, na ikaifanya hadi vita vilipokwisha mwaka 1918. Kwa jumla ziliundwa 1,939.

Ningeweza kuishia hapo, nikamwambia mjukuu wangu: ndiyo, ilikuwa yetu. Na nikiri kwamba nilipoliona jina lile kwa mara ya kwanza nilifurahi, kama mzazi anayeliona jina la mwanawe katika orodha ya waliofaulu. Lakini usiku ule nilikumbuka bega la babu yangu, na furaha ikapungua.

Kwani wakati ndege yenye jina letu ikiundwa Uingereza, ndege nyingine zilikuja kwetu. Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, mikoko ikaifunika. Novemba 1914 rubani mmoja wa kiraia, Cutler, aliyeletwa na ndege yake kutoka Durban, aliiona kutoka juu. Mwanzoni mwa 1915 zikaletwa Sopwith mbili za kutua majini, na joto letu likazishinda: gundi iliachia, mbao zikapinda, na injini zikashindwa kuzinyanyua. Zikafuatwa na ndege za Short, zilizofanya kazi kutoka Mafia, nazo zikataabika vile vile. Mwisho zikaletwa Caudron na Henri Farman. Ndiyo, Farman yule yule, wa rafadha ya tezi, aliyeipa F.E. herufi yake ya kwanza. Julai 6 na 11, 1915, ndege hizo ziliruka kutoka Mafia zikawaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza waliokuwa ndani ya Severn na Mersey, na Königsberg ikaharibiwa.

Kwa hiyo chombo cha ukoo ule kiliruka hapa hapa kwetu, kusini ya Unguja, kabla jina letu halijapelekwa Ufaransa. Na kazi yake haikumaliza vita. Wajerumani waliiopoa mizinga ya Königsberg, wakaiburuta bara, ikaendelea kulia kwa miaka. Nchi hiyo haikuwa na barabara, na ndorobo aliwaua farasi na punda. Eropleni haiwezi kubeba unga wa jeshi zima. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu.

Hapo ndipo babu yangu anapoingia. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha ratili 50. Huko Kenya mshahara wa mpagazi uliteremshwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Nikapiga tena hesabu: rupia 33,750, bei ya ndege moja, zingemlipa mpagazi wa rupia 5 kwa miaka 562 na nusu. Nikaipiga mara mbili nikidhani nimekosea. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kukaribia laki moja, na wengi waliuawa na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Kilichobaki cha jeshi lao katika vinywa vya watu ni neno Kariakoo, ambalo ni jina lake la Kiingereza lililotafunwa na ndimi zetu. Tunalisema kila siku tukienda sokoni Dar es Salaam, na hapa Unguja pia, bila ya kumkumbuka mtu yeyote.

Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa kisiwani Chapwani, mkabala wa mji, na majina yao yameandikwa. Sioni kinyongo, ni haki ya maiti kuwa na jina. Watu wawili waliotekwa katika ndege yetu waliandikwa. Ndege yenyewe, mbao na kitambaa, iliandikwa jina la nchi nzima. Babu yangu aliandikwa namba kwenye kibati alichokivaa shingoni, na kibati chenyewe alikitupa baharini siku aliyorudi, akasema hataki kuzikwa nacho.

Nilimjibu mjukuu wangu hivi: "Fedha ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu, ndege haikuwa yetu. Lakini vita vilituhusu." Akaniuliza kama babu yake babu aliiona ndege yoyote huko Lindi. Nikamwambia aliwahi kusema kwamba walisikia mvumo juu ya mawingu wakatua mizigo, na mnyapara akawapigia kelele wainyanyue tena.

Baada ya hapo nikachukua daftari la skuli, nikaanza kuzunguka Uroa, Pongwe na Chwaka kwa wazee waliobaki, nikiuliza nani katika jamaa zao alichukuliwa. Nimechelewa miaka arubaini. Wengi wanakumbuka kwamba alikuwako mtu, jina limepotea. Mpaka sasa nina majina saba ninayoyaamini, na la babu yangu ni la saba, kwa kuwa niliona si adabu kuanza na la nyumbani kwangu.

Mwanachuo yule aliyeniuliza mwaka 1983 naye amekwisha kustaafu. Nimemwandikia barua. Nimemweleza kwamba jibu nililompa siku ile alifute, nikamnakilia majina saba, nikamwomba aulize na kwao.